Kitoweo cha Mtani

Veridiana hakumpenda yule samaki tangu siku alipoteremshwa kwenye lori. Sura yake ilikuwa na vituko, lakini si sura iliyomkera. Kilichomkera ni lile tangi la kioo alilokuja nalo, tangi la kumeza madumu na madumu ya maji, na hapo ni Newala, ambako mwanamke anaweza kununiana na shoga yake wa miaka mingi kwa ajili ya kata moja tu ya maji. Kiangazi kikikaza, watu pale huoga kwa kujipangusa. Sasa Ladislaus, mume wake wa ndoa ya kanisani, mtu mwenye akili zake timamu, ameleta kiumbe cha kuogelea sebuleni.

Tumtendee haki Ladislaus. Miaka mingi alikuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, shati lile lile la kaunda, akingoja mshahara uliokuja ukijisikia. Serikali ilipofungua milango na watu binafsi wakaruhusiwa kununua korosho, alikuwa wa kwanza kuacha kalamu na kwenda kujitambulisha kwa tajiri mmoja wa Dar es Salaam. Msimu mmoja tu, akawa wakala. Mizani ikaning'inia barazani kwake, magunia yakapangwa hadi dirishani, wakulima wakaja na baiskeli zao kutoka Mnyambe na kwingineko. Mawakala wenzake walinunua televisheni na video, yeye akawadharau. Alitaka kitu ambacho hakipo Newala wala Masasi, kitu ambacho mtu akikiona asijue hata aanzie wapi kukionea wivu. Hapo alifanikiwa.

Samaki mwenyewe alikuwa mnene kama ngumi, hana magamba, mgongo wa kahawia uliojaa michirizi ya njano inayojipindapinda na kupoteleana, tumbo jeupe. Macho yalizunguka kila moja na hamsini zake. Meno yaliungana yakatokeza mbele kama mdomo wa kasuku. Muuzaji alimwambia Ladislaus kwamba ametoka Ziwa Tanganyika, kwamba ni samaki wa pambo na kwamba anakula chochote. Jina lake hakulijua. Ladislaus akambatiza Meneja, kwa kumbukumbu ya meneja mmoja wa zamani wa ushirika aliyekuwa na tumbo la namna hiyo.

Hilo la kula chochote lilikuwa uongo mtupu. Ugali aliutazama tu. Dagaa aliwatafuna nusu akawatema. Alichokubali ni nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa, na Ladislaus, ambaye mwenyewe alikula nyama Jumapili kwa Jumapili, akawa anamkatia kila siku. Baada ya muda Meneja akaacha kula hata hiyo. Alikuja juu, akaigusa nyama kwa mdomo, akaiacha izame. Veridiana alikuwa mwalimu wa sayansi wa darasa la sita. Alimtazama siku nzima akaona meno yamerefuka hadi kinywa hakifunguki, akakumbuka panya, ambaye meno yake hayaachi kuota na ndiyo maana hutafuna hata sabuni. Wakamtoa kwa kitambaa kibichi, Ladislaus akamshika, yeye akapunguza yale meno kwa kikata kucha. Samaki akavimba mikononi mwao akawa kama mpira wa kuchezea, miiba midogo ikasimama tumboni. Nusura Ladislaus amwangushe. Tangu hapo Veridiana akaamua: nyama laini basi, huyu anataka kitu cha kuvunja. Akaagiza konokono wa maji kutoka bondeni.

Wa kumletea konokono hao alikuwa Fikirini, yule yule aliyeleta maji. Fikirini alikuwa na baiskeli moja na miguu ya chuma. Kila alfajiri alishuka bondeni kwenye chemchemi, akapanda na madumu manne akisukuma ile njia ya mawe, na sasa juu ya dumu la mwisho palikuwa na kopo la konokono. Alikuwa pia mtani. Ukoo wake na ukoo wa Ladislaus walitaniana tangu enzi za mababu, na hakuna aliyekumbuka utani huo ulianzia kwenye vita gani. Mtani akiingia kwako akamkamata jogoo, unacheka. Jioni unakwenda kumkomboa kwa kitu kidogo, unatukanwa kidogo, unatukana kidogo, unarudi na jogoo wako. Ukikasirika, umejivunjia heshima mwenyewe. Na shikamoo hakuna. Watani husalimiana kwa matusi.

Kwa hiyo Fikirini alimtukana Meneja kila alipokuja. Alisema samaki anaoga kutwa wakati mwalimu mwenyewe ananuka chaki. Alisimama mbele ya kioo akampima kwa macho, akauliza atatosha bakuli ngapi. Halafu, alipoona Meneja amenenepa kwa konokono wale, akabadilisha wimbo: mimi ndiye niliyemlisha, mimi ndiye niliyempandishia maji mlima mzima, huyu ni wangu, nyinyi mnanifugia tu. Barazani watu walicheka hadi wakashika magunia. Veridiana naye alicheka. Miezi ile alikuwa bado anaweza.

Na kwa aibu yake mwenyewe, alianza kumpenda yule samaki. Samaki naye alikuwa anamjua. Akiingia sebuleni, Meneja aliacha alichokuwa akifanya akaja kwenye kioo, jicho moja kwake na jicho jingine kwenye kopo. Akitembeza kidole, alikifuata. Alivunja konokono kwa sauti inayosikika hadi jikoni, tk, tk, akatema vipande vya gamba, akarudi kuomba tena.

Kisha mikorosho ilipotoa maua, akaja Bi Mwanasha. Alikuwa mama mkwe wa fundi cherehani Swalehe, jirani yao, ametoka Mikindani kumtazama binti yake. Aliingia kuona hilo tangi linalosemwa mji mzima. Aliinama, akatazama, akarudi nyuma hatua mbili na kuvuta ukaya wake usoni.

"Mwanangu, huyu bunju," alisema. "Mnafuga bunju ndani?"

Akaeleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia. Kwao wavuvi wakimpata wavuni humtupa. Sumu yake iko kwenye ini, kwenye mayai, kwenye ngozi, na moto hauiui. Mtu huanza kwa midomo kufa ganzi, ikafuata mikono, ikafuata pumzi, na akili inabaki nzima hadi mwisho. Alimzika kaka yake hivyo hivyo. Veridiana akajitetea kwamba huyu si wa baharini, ni wa ziwani, wa maji baridi, pengine ni kabila jingine kabisa.

"Maji yake siyajui," alisema Bi Mwanasha. "Mdomo huo naujua."

Wiki ile ile akarudi kwao Mikindani. Veridiana akabaki na lile neno.

Jioni alimwambia mumewe. Alitarajia ashtuke. Ladislaus alifunga mlango kwanza, ndipo akazungumza, na alizungumza kwa upole, jambo lililomtisha zaidi. Alimwuliza kama anajua watu wanasema nini tayari: kwamba utajiri wa Baba Edmund uko ndani ya yule samaki, kwamba usiku huongea. Sasa akisikika mtu amefuga sumu nyumbani, sumu ya kuua bila kuacha alama, nani ataleta korosho zake kupimwa kwenye baraza hiyo? Nani atakunywa maji ya kikombe chake? Na Edmund, mtoto wao, yuko sekondari ya bweni kule Lukuledi, anasomeshwa na nini kama si baraza hiyo? Samaki yuko kwenye kioo, hali mtu, hamuumi mtu. Tajiri atakuja katikati ya msimu kukagua, amwone, kisha watamrudisha Dar. Hadi hapo, akiulizwa, aseme ni perege wa Kigoma.

Veridiana akasema perege wa Kigoma. Aliwaambia walimu wenzake, aliwaambia wanawake wa jumuiya, alimwambia Fikirini. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, na hilo lilimnyima usingizi.

Alianza kufunga sebule kwa ufunguo na kutembea nao kwenye pochi. Maji ya Fikirini aliyapokea mlangoni akayabeba mwenyewe. Darasani, katikati ya somo la mfumo wa chakula, alisahau alikuwa wapi kwa sababu alikuwa akijiuliza kama kweli aligeuza ufunguo mara mbili. Wakati wa mapumziko alikwenda nyumbani, akajaribu kitasa, akarudi shuleni anatokwa jasho. Mara mbili aliazimia kumuua. Aliingiza mkono kwenye tangi, na mara zote mbili Meneja alikuja mwenyewe kwenye vidole vyake kuomba konokono. Akatoa mkono. Alijiambia kesho. Kufunga mlango nako kukazaa maneno yake: kumbe kweli kuna kitu mle, mbona zamani walituonyesha?

Fikirini ndiye peke yake aliyelichukulia kama mchezo. Alisema mwalimu amemwoa samaki na sasa anamwonea wivu. Lakini msimu ulipoanza alipungua maneno. Mama yake, Bi Sijaona, alikuwa hali chakula. Alikuwa mwanamke wa kando ya mto Ruvuma, ameletwa huku juu na ndoa, na tangu homa iliyomshika mwezi uliotangulia kila alichopewa alikisukuma. Ukimwuliza anataka nini, alisema samaki mbichi, wa leo, asiyepitia chumvi wala jua. Huko juu Newala samaki mbichi huyo atoke wapi? Veridiana aliyasikia hayo kwa Mama Fakihi, mke wa Fikirini, sokoni, akampa pole, akarudi nyumbani akajaribu kitasa.

Siku ya tajiri ikafika, na Ladislaus akaomba ufunguo. Sebule ikafunguliwa, vitambaa vikanyooshwa, tajiri akaketi mbele ya tangi na soda yake akasifu. Veridiana alikuwa shuleni. Tajiri alipoondoka, baraza ilikuwa imejaa wakulima, mlango uko wazi, Ladislaus amelewa sifa. Hapo Fikirini akafika na madumu. Akaingia ndani moja kwa moja, akatoka na ndoo, na ndani ya ndoo yuko Meneja. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba mwenye mali amekuja kuchukua mali yake.

Watu wakapiga makofi. Wote wakamtazama wakala, waone atajibu nini. Ladislaus alikuwa anajua alichokijua. Lakini mbele ya baraza iliyojaa, mtu anayemnyima mtani wake kitu ni mtu gani? Na alijua pia utaratibu: jioni atakwenda na jogoo, atatukanwa, atarudi na samaki. Akacheka. Akamwambia amchukue, na avae kofia asije akaungua na jua la kuiba.

Veridiana aliporudi alikuta tangi lina maji tu na vipande vya magamba ya konokono chini. Alitoka barazani. Ladislaus, kidole kwenye mizani, akamwambia bila kugeuka kwamba Fikirini kamchukua, jioni atamkomboa.

"Mama yake anataka samaki mbichi," Veridiana alisema. "Hajamchukua wa kukombolewa huyo."

Aliona uso wa mumewe ukibadilika, lakini hakungoja kuona ukiishia wapi. Alikimbia na viatu vya kufundishia, kisha akavivua akakimbia bila.

Uani kwa Fikirini chungu kilikuwa mafigani, na harufu ya nazi na pilipili imejaa. Watoto wamekaa mkekani, wamekwisha nawa mikono. Majirani wawili watatu wapo, maana samaki mbichi ni habari. Fikirini alipomwona anahema miguu mitupu, uso ukamchanua, akasema tazameni, mwalimu kamfuata mume wake.

"Fikirini, msile. Huyo samaki ana sumu."

Wakacheka. Fikirini alisema anaijua sumu hiyo, jina lake uchoyo. Veridiana akasema mtakufa, nawaambia mtakufa, na jirani mmoja akamjibu kwamba wakifa basi yeye ndiye atakayewazika, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani. Aliapa kwa Mungu. Wakasema watani wa Kikristo wanajua kuapa. Alilia, machozi ya kweli yanamtiririka, na Mama Fakihi akashika mbavu kwa kucheka, kwa sababu kulia nako ni katika mchezo, na hajawahi kuona mtu akilia vizuri hivyo. Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa limeshatumika katika utani. Hakubaki na moja la kusemea kweli. Mama Fakihi akafunua chungu, akachukua upawa.

Veridiana akakipiga chungu teke. Mchuzi wa moto ukamwagika juu ya mguu wake na majivuni, kipande kikaviringika hadi kwenye mkeka, akakikanyaga kwa kisigino mbele ya mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono.

Kicheko kikakatika. Mtani huiba, huficha, hutukana hadi marehemu. Lakini chakula hakimwagi. Fikirini alisimama, na kwa mara ya kwanza Veridiana akaona anavyoonekana akikasirika, kisha akaona hasira ile ikiondoka na kitu kingine kikiingia, kwa sababu Fikirini alikuwa amemtazama machoni.

"Mama keshakula," alisema Mama Fakihi kwa sauti ndogo. "Ini. Nilimkaangia kwanza, kwa vile ni laini."

Bi Sijaona alikuwa ameegemea ukuta barazani, khanga mabegani, sahani tupu mapajani. Alionekana mwenye furaha. Alisema hajala kitu kitamu hivi tangu aolewe, ila midomo inamwasha na kufa ganzi, kama mtoto aliyeng'ata korosho na ganda lake. Akacheka mwenyewe.

Walimfunga kwa khanga kwenye baiskeli ile ya madumu, Fikirini akasukuma, Veridiana akamshikilia mgongo. Hospitalini walimlaza, wakamtundikia maji, wakauliza amekula nini, na jina la samaki lilipotajwa wakatazamana. Hawakuwa na dawa yake. Mikono ya bibi ikalegea, kisha shingo. Macho yake yaliendelea kumfuata kila aliyezungumza, hadi jua lilipozama na pumzi yake ikakatika.

Ladislaus alifika akihema. Alimshika Fikirini bega akaeleza kabla hajaulizwa: kwamba leo hii, shuleni, mwalimu mmoja wa pwani amemwambia Mama Edmund kuwa samaki yule ni bunju, na ndipo akakimbia namna ile. Leo hii hii. Alieleza vizuri, bila kusita.

Fikirini akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama Edmund," alisema, "ungechelewa kidogo tu ningezika na watoto. Mungu akulipe." Hakuwahi kumwita Mama Edmund. Veridiana alitamani amtukane, tusi lolote lile la zamani, apumue.

Habari ikaenea usiku ule ule, na asubuhi msibani wanawake walimpisha akae mahali pazuri. Wakaugusa mguu wake uliofungwa kitambaa wakasema pole, wakasema shujaa. Mama Fakihi alimletea uji mwenyewe. Aliupokea, akauweka chini bila kuuonja, wakasema ni maumivu.

Jeneza lilipokuwa tayari kutoka, ikafika zamu ya watani. Maiti hatoki mlangoni bila mtani kumziba njia, kumwigiza marehemu, kumcheka, hadi watu watoe chochote cha kumwondoa mlangoni. Ladislaus alikuwa nje na wanaume, ameshajilaza njiani, akiigiza bibi anayekataa ugali, na watu walicheka huku wanafuta macho. Wanawake wakamsukuma Veridiana. Walimwambia bibi yule alipenda utani, asiondoke bila neno la mwalimu.

Akasimama mlangoni, ameshika miimo miwili. Jeneza likasimama mbele yake, na mpini wake wa mbele uko begani kwa Fikirini.

"Nilijua," alisema. "Si jana. Nilijua tangu mikorosho ina maua. Mama mkwe wa Swalehe aliniambia huyu ni bunju, ana sumu. Mume wangu akasema wateja watakimbia, nikanyamaza. Nikawa namlisha, nawaambia ni perege, huku najua."

Mwanamke mmoja nyuma akaguna kwa kicheko. Kikamshika wa pili. Mara ua mzima ulikuwa unacheka, kicheko kile cha msibani kinachotoka na kilio ndani yake. Mtu akasema mwalimu huyu ameumbwa kutania, tazameni, hadi machozi. Wakaanza kumtupia sarafu miguuni ili awapishe. Moja ikampiga kwenye kitambaa cha mguu. Nje, Ladislaus alikuwa ameinuka mavumbini, naye alicheka kwa sauti kuliko wote.

Fikirini hakucheka. Aliwaambia wenzake waliobeba washushe, na jeneza likawekwa chini kizingitini.

"Rudia, Mama Edmund," alisema.

Akarudia, neno kwa neno, na safari hii hakuna aliyecheka.